Kifo Kimoja, Nguzo Moja

Watakaowaambia kwamba habari hii waliisikia kwa jirani, waacheni wapite na njia yao. Mimi sikusikia, niliona. Siku ndiva ya Kighonda ilipopasuka nilikuwepo, na siku watu walipoketi kuhukumu nilikuwepo vilevile, nimekaa mbele kabisa, miguu inaning'inia, na hakuna neno lililotamkwa pale ambalo halikupitia kwanza kwenye masikio haya. Shule niliishia darasa la tano, sikatai, lakini macho hayana darasa. Kaeni vizuri basi. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayekuwa amesinzia asije akasema nimemwonea.

Kighonda ni kijiji cha mlimani, huko Upare, kimebandikwa kwenye mteremko kama kumbikumbi ukutani. Uhai wake ni ndiva. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, linalokinga maji ya chemchemi yasipotee bure. Lina midomo miwili. Mdomo wa chini huzibwa jioni, ukazibuliwa asubuhi, maji yakashuka mferejini na kila shamba likanywa kwa zamu. Mdomo wa juu haufungwi kamwe. Huo kazi yake ni kutema maji yakizidi, ukuta usielemewe.

Katika kijiji hicho waliishi watu watatu wenye vipawa ambavyo hata wasiowapenda walivikiri.

Wa kwanza ni Senzighe, fundi wa mawe. Huyu alikuwa akishika jiwe, analizungusha mkononi mara moja, kisha analiweka, nalo linakaa kana kwamba limezaliwa hapo. Ukuta wa ndiva ulikuwa kazi yake na kazi ya baba yake kabla yake.

Wa pili ni mwanamke, Namkunda, mama Kajiru. Mumewe aliteremka kwenye mashamba ya mkonge akasema anarudi, na mpaka leo anarudi. Shamba lake lilikuwa mkiani mwa mfereji, mahali maji hufika yakiwa yamechoka, na bado alitoa maharage pale. Walisema Namkunda akitema mate kwenye jiwe, panaota mchicha.

Wa tatu ni Mndeme, mlinzi wa ndiva. Kipawa chake masikio. Akiwa kitandani kwake, kando ya ukuta, alijua maji yamepanda au yamepungua kwa kusikiliza tu. Watoto walimtania: "Mzee Mndeme, leo ndiva imekuambia nini?" Naye hujibu, "Imeniambia kwenu hamjaoga."

Huyo Mndeme alikuwa na dada mmoja, wa tumbo moja, jina lake Nakijwa. Mshikeni huyo Nakijwa. Hadithi hii ni mzigo wake, sisi wengine tunausindikiza tu.

Sasa sheria. Watu wa Kighonda hawakuwa na gereza wala karani. Walikuwa na ngazi tatu za makosa, na kila mtoto alizijua kabla ya kujua kufunga kamba ya mbuzi.

Ngazi ya chini ni kosa la kata. Umemtukana mtu, umekata maji ya zamu isiyo yako, ng'ombe wako amekula mahindi ya mwenzio: unapika pombe ya miwa, unaichota kwa kata, unampa uliyemkosea mbele ya watu. Akimeza, limekwisha. Lakini ukinywesha watu kata kwa kosa lilelile mara ya tatu, unapanda ngazi.

Ngazi ya kati ni kosa la mbuzi. Umemwaga damu, umevunja ukuta, umeharibu miche: unatoa mbuzi, anachinjwa, wewe na uliyemkosea mnakula ini moja. Asiye na mbuzi humtoa mwanawe akachunge kwa huyo aliyekosewa mpaka deni liishe, na hapo hakuna anayeahidi litaisha lini.

Ngazi ya juu ni kosa la nguzo. Mtu amekufa kwa mkono wa mtu. Hapo nguzo ya kati ya nyumba ya mkosaji inafungwa kamba, inang'olewa, paa linaketi chini kama kuku anayetaga, na mwenye nyumba anaondoka na alichoweza kubeba kichwani. Harudi. Jina lake halitajwi tena penye ndiva.

Na juu ya sheria hiyo kulikuwa na nyingine: kifo kimoja, nguzo moja. Zamani mababu walikuwa wakali. Kwa kifo kimoja waling'oa nguzo za ukoo mzima, mvua zikaja, mfereji ukajaa matope, na mikono ya kuuzibua haikuwepo. Waliobaki walikula mizizi. Tangu hapo wakaapa. Hata wakosaji wakiwa wengi, atakayeng'olewa ni mmoja, na atakayemchagua ni mfiwa mwenyewe. Anaweka kamba begani kwa mtu, basi. Mpaka aiweke, ndiva haizibwi.

Basi ikawa siku ya gulio. Siku hiyo watu wa Kighonda huteremka wote bondeni kuuza na kununua, na kwa kuwa hakuna wa kumwagilia, ndiva hushinda ikijaa. Walibaki wachache. Mbonea, mume wa Nakijwa, alibaki kwa sababu mguu ulikuwa umeteguka. Nakijwa alijitwika tenga la ndizi, akageukia mlangoni.

"Baba nanihii, usishinde umelala. Jikongoje unichumie kunde pale chini ya ukuta. Nikirudi nizikute."

"Kunde tena? Jana kunde."

"Kesho utakula nyama ya tembo. Leo kunde."

Mbonea akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na kucheka kwake ndiko kulikomponza kwa Senzighe. Wiki iliyotangulia, mbele ya mkutano, alikuwa ameutazama ukuta wa ndiva akasema, "Fundi, ukuta wako una mimba. Baba yake nani?" Watu walishika mbavu. Senzighe hakushika mbavu. Mtu anaweza kukusamehe ukimwita mwizi, lakini fundi usiicheke kazi yake.

Siku hiyo ya gulio, mchana, Senzighe alikwenda kwenye ukuta, upande unaotazama miche ya vitunguu ya Mbonea. Ukuta ule una ngozi mbili, nje mawe, ndani udongo. Alilijua jiwe lililobeba wenzake, akaliondoa. Alijisemea: maji yakipanda jioni yatapenya udongo, vitunguu vitakwenda, tutaona nani mwenye mimba. Hakumwaza mtu, aliwaza vitunguu. Kosa la mbuzi, na mbuzi anaye. Akateremka hatua chache, akasimama. Moyo ukamsuta: ukuta huu aliujenga baba. Akarudi, akalirudisha jiwe pale pale, vizuri, hivi kwamba hata yeye mwenyewe asingejua limetoka. Lakini jiwe lililotoka huhitaji udongo mpya na siku za kukauka. Alilijua hilo. Akajiambia maji ya kawaida litayaweza, na kwamba akimwambia mtu itabidi aseme kwa nini alilitoa. Akaenda zake kimya.

Mchana huohuo Namkunda alipanda kutoka mkiani. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua, na maua bila maji hudondoka. Kesho yake ilikuwa zamu yake, lakini zamu ya mkiani ni kulamba chungu walichokula wengine. Akakata vipande vya mgomba, akaviingiza katika mdomo wa juu wa ndiva, akakandika matope, ili maji yasiyotemwa leo yabaki, kesho yamfikie. Alijua ni kosa la kata. Alijua pia kwamba kata mbili kwa kosa hilo amekwisha kuzinywesha, na hii ikijulikana itakuwa mbuzi, na mbuzi hana. Anaye Kajiru tu.

Na Mndeme alikuwa nyumbani kwake, kando ya ukuta, anasuka kamba. Akasikia mdomo wa juu umenyamaza. Akatambua. Hata hakuinuka, maana alijua ni nani, na alijua kwa nini. Akasema moyoni, nimpe muda mama watu, akiondoka nitakwenda kuzibua nusu, aambulie kidogo. Kisha akasikia sauti nyingine, ndogo, kama mbwa anayelamba maji. Ukuta. Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, mkono ukaigusa pembe ya kupigia mbiu. Akamwona Namkunda, matope mpaka viwikoni. Akiipuliza pembe, waliobaki watakuja mbio, watamkuta vilevile alivyo. Mndeme akauondoa mkono. Amalize kwanza, alijiambia. Kidogo tu.

Hicho kidogo ndicho kilichotosha.

Ukuta ulitoka kwa mkupuo. Chini yake alikuwepo Mbonea na mguu wake mbovu, ameinama, anachuma kunde.

Nakijwa alipanda kutoka gulioni akasikia vilio kabla hajaona nyumba. Walikuwa wamemlaza Mbonea kwenye ngozi, wamemwosha matope usoni. Hawakuwa wamemfumbua kiganja. Kilikuwa kimeshika majani ya kunde. Nakijwa aliyaona, akayatoa moja moja, akayafunga katika pindo la kanga yake.

Walimzika kesho yake. Huko Kighonda mtu mwenye mkono katika kifo hathubutu kutupa udongo kaburini, kwani udongo huo, wanasema, utamfuata tumboni. Mzee Mfinanga, mkubwa wa ndiva, alianza, wakafuata ndugu, wakafuata majirani. Nakijwa alikuwa amesimama akiitazama mikono. Mkono wa Namkunda ulifungwa na haukufunguka. Senzighe alichota udongo, akaushika muda mrefu, akaurudisha chini taratibu kama mtu anayetua yai. Nakijwa aligeuka amtafute kaka yake, amshike. Mndeme alikuwa amekaa chini, mikono ameificha kwapani.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hatazika mtu mmoja.

Wakakutana kwenye ndiva. Ilikuwa tupu, chini matope yameanza kupasuka, na vyura wamehama. Watuhumiwa watatu walisimama ndani, kwenye matope. Kijiji kilikaa juu, pembezoni. Kamba iliwekwa mapajani mwa Nakijwa.

"Semeni," alisema mzee Mfinanga. "Ndiva ni tupu, hakuna wa kuwazamisha."

Senzighe akasema alivyotoa jiwe, na alivyolirudisha. "Nilitaka vitunguu vyake. Sikumtaka yeye."

"Na mimba ya ukuta umeizalisha mwenyewe!" Huyo alikuwa Mrindoko, mdogo wake marehemu, macho mekundu. "Kama si jiwe lako, kaka angekula kunde zake!"

"Ni kweli, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu yako!"

Namkunda akasema ya kwake, sauti inatoka kidogo kidogo. "Jiwe silijui. Ningelijua nisingeziba. Nilitaka maji yafike kwangu mara moja tu kabla maua hayajadondoka. Dada Nakijwa, wewe mwenyewe ulikuwa unanigawia mboga. Mimi nimuue mumeo kwa nini?"

"Kwani aliyekanyaga chungu gizani, chungu hakikuvunjika?" akasema mwanamke mmoja kutoka juu.

"Kimevunjika, mama. Sijasema hakikuvunjika."

Mndeme alikuwa wa mwisho. Hakumtazama mtu. "Hawa wawili, kila mmoja alijua lake. Mimi nilisikia yote mawili. Pembe ilikuwa hapa," akanyoosha kiganja. "Ndiyo nimemaliza."

"Ulimnyamazia huyu mwanamke kwa lipi?" Mrindoko alifoka. "Mna nini ninyi?"

"Hatuna kitu. Nilimwonea huruma."

"Huruma! Huruma yako imemla kaka yangu!" Kisha akawageukia watu. "Wazee, mnangoja nini? Ng'oeni zote tatu!"

Mzee Mfinanga akapiga fimbo kwenye jiwe. "Kijana, babu yako alikufa akitafuna mizizi kwa sababu ya neno hilo hilo. Kaa chini." Halafu akaanza kupima, maana ndiyo kazi yake. "Kutoa jiwe ni mbuzi. Kuziba mdomo ni kata, na kwa mara ya tatu ni mbuzi. Mlinzi kunyamaza, hilo ni mbuzi pia. Mbuzi watatu. Sasa wametembea pamoja, wamefika kwenye nguzo. Hakuna aliyefika peke yake. Mwanangu Nakijwa, kamba unayo."

Nakijwa alikuwa anaipapasa ile kamba. Aliijua ilikosukwa. Ni kamba ya kaka yake.

"Mzee," akasema. "Na aliyemtuma?"

"Aliyemtuma nani?"

"Mbonea. Pale chini ya ukuta hakwenda kutembea. Nilimtuma mimi. Hakutaka, nikamlazimisha."

Hata Mrindoko alitazama chini.

"Kumtuma mume mboga hakuna kata, mwanangu," alisema mzee. "Wala tone."

"Kata hakuna. Nimesikia." Akavuta pumzi. "Lakini nikilala nasikia nguzo inang'olewa."

Mzee akailaza fimbo yake chini.

Nakijwa akasimama. Akashuka ndani ya ndiva, kamba mkononi, matope yanamshika miguu.

Alisimama mbele ya Senzighe. Huyu ndiye pekee aliyetaka ubaya. Wengine walikuwa na njaa au huruma, yeye alikuwa na kisasi. Lakini ndiye pekee pia aliyejirudi, akajaribu kuufuta ubaya wake kwa mikono yake. Na nguzo yake ikiondoka, ukuta huu utajengwa na nani? Mahindi ya kijiji kizima yalikuwa yanatoa mbelewele, na mbelewele haingoji fundi ajifunze kazi. Senzighe akainamisha bega.

Akapita kwa Namkunda. Kosa lake lilikuwa dogo kuliko yote, kata ya pombe, kama lingekuwa la kwanza. Lakini ukuta uliangushwa na maji, na maji yaliwekwa na huyu. Alikuwa ameonywa mara mbili, watu wamekunywa, wamemsamehe. Msamaha unaorudiwa mpaka uue ni msamaha gani? Nguzo yake ikiondoka, Kajiru ataondoka naye, mtoto ambaye hakuziba kitu. Namkunda naye akainamisha bega.

Akafika kwa Mndeme. Huyu hakugusa jiwe wala mgomba. Hakufanya lolote, na hilo ndilo alilolifanya. Peke yake kati ya wote alijua, na peke yake alipewa pembe na kijiji kwa ajili ya saa ile. Lakini alinyamaza ili mtoto wa mtu asiende kuchunga mbuzi wa deni. Nani hapa hajawahi kuomba mlinzi afumbe jicho? Akimng'oa, anabaki duniani bila mtu aliyemjua akiwa mtoto. Akimwacha, watasema damu imechagua damu, na Mrindoko hatakanyaga tena mlangoni kwake.

"Dada," Mndeme akamwambia polepole, "usiniangalie kama kaka. Niangalie kama mlinzi."

"Nyamaza," Nakijwa akamwambia. "Ulipotakiwa kusema hukusema."

Mndeme naye akainamisha bega.

Yakawa mabega matatu mbele yake, na kamba moja. Nakijwa akafungua pindo la kanga, akayatazama majani ya kunde, yamesinyaa, akalifunga tena. Kisha akainua kamba.

Hapo naikata hadithi. Aliiweka wapi, nalijua, nililiona, wala siwaambii, maana nikiwaambia mtaacha kufikiri na kuanza kukubali. Nataka ninyi mwamue. Wewe uliyekaa hapo mbele na ubishi wako: ungemng'oa aliyetaka ubaya, au aliyeuleta bila kutaka, au aliyeuona ukija akaupisha? Kosa hupimwa kwa moyo, kwa mkono, au kwa kilichobaki kimelala kaburini? Na usiniambie watatu, sheria umeisikia. Kamba ni moja. Je, wewe ungeamua vipi?

Ngojeni kidogo kabla hamjajibu. Naona wengi mnamwelekea mlinzi, na fundi mmeanza kumhurumia, na hilo linanisumbua. Yote niliyowaambia niliyaona au yalisemwa mbele yangu, isipokuwa moja. Mle ndani ya ndiva Senzighe alisema alitoa jiwe, akasema alitaka vitunguu, basi; la kulirudisha hakulitamka. Mimi nilikuwa natazama uso wake, nikashindwa kuvumilia mtu ahukumiwe bila hata chembe ya kujuta.

Jiwe hakulirudisha Senzighe. Nimelirudisha mimi, leo, kwa mdomo huu.